Kufuata Maji: Kutoka Malindi hadi Mangapwani kwa Miguu

Kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, takriban kila gofu la kale lina birika, hamamu, kisima au kijito ubavuni mwake. Nilikimbia njia hii miaka kadhaa bila ya kuliona hilo. Macho yangu yalikuwa kwenye saa ya mkononi, na kuta zilizobomoka zilinipita kushoto kama miti tu. Siku niliyoishiwa maji katikati ya shamba, bibi mmoja akanichotea kwa kata, ndipo nilipofahamu kwamba njia yote hii ilipangwa na maji matamu zamani sana, kabla ya lami na kabla ya daladala.

Tazama mwenyewe. Sultani Sayyid Said aliweka makaazi yake Mtoni, penye kijito kinachomwagika baharini, na jina la mahali linajieleza. Mwanawe, Sayyid Barghash, akajenga Maruhubi na mabirika yake, kisha akavuta maji safi kutoka chemchem za Bububu hadi mjini. Juu milimani, Kidichi na Kizimbani, zikajengwa hamamu, yaani nyumba za kuogea. Na Mangapwani, mwisho wa safari yetu, kuna pango lenye maji matamu chini ya mwamba. Waliokuwa na ngamia, punda na watumishi walipanga safari zao kwa kufuata maji. Sisi wenye miguu miwili na chupa moja tuna haja zaidi ya kupanga hivyo.

Njia nimeigawa siku mbili. Siku ya kwanza ni Malindi (mtaa wa Mji Mkongwe, si Malindi ya Kenya), Bububu, Kidichi, Kizimbani, kama kilomita 17. Siku ya pili unaanzia Bububu kwenda Mangapwani, kama kilomita 13 ukijumlisha kuingia na kutoka pwani. Si lazima siku hizo zifuatane. Mimi mara nyingi huziacha wiki moja katikati.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Wakati mzuri kupita wote ni kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi linapovuma na asubuhi ina ubaridi. Septemba bado kuzuri. Vuli ikianza, kuelekea mwisho wa Oktoba, bado unaweza kwenda, ila uwe tayari kulowa. Masika, Machi hadi Mei, ningekushauri uache kabisa sehemu ya Kidichi: ardhi ya huko ni kinongo, ule udongo mwekundu mzito, na ukinyeshewa unashika raba hadi kila mguu unakuwa na uzito wa tofali. Kaskazi, Disemba hadi Februari, njia ni kavu lakini jua halina huruma. Ukishika miezi hiyo, uwe umeshamaliza kabla ya saa 4 asubuhi.

Ijumaa panga kumaliza mapema, kwa sababu ikikaribia sala kila duka la njiani hufungwa na wewe utabaki bila ya pa kununulia hata maji. Mwezi wa Ramadhani usinywe wala kutafuna njiani mchana, hata kama wewe hufungi. Anayefunga na hataki kuacha mazoezi, atembee polepole saa moja kabla ya magharibi, karibu na nyumbani, afike wakati wa kufuturu. Huo si mwezi wa kilomita 17.

Hatua ya 2: Hesabu maji yako

Mimi hubeba lita moja na nusu na hujaza tena Bububu. Anayetembea anywe mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, asingoje kiu. Ukingoja kiu kwenye joto letu umeshachelewa. Pakiti moja ya chumvi ya mwenye kuharisha (ORS), ile ya kuchanganya na lita moja ya maji, itie mkobani hata kama tumbo lako ni zima: jasho linatoa chumvi kama linavyotoa maji, na maji matupu peke yake hayairudishi. Dafu ni zuri na lina burudani yake, lakini lihesabu kuwa ni nyongeza.

Maji ya kisima au ya mfereji utakayopewa majumbani yanaweza kuwa salama kwa mwenyeji na yakakusumbua wewe. Beba vidonge vya kusafishia maji. Ya kwenye mtaro wala ya kijito usiyaguse, hata yakiwa yanang'aa namna gani.

Jifunze dalili za kuzidiwa na joto, wewe na unayefuatana naye. Kichwa kinagonga, kichefuchefu kinakuja, unaanza kujikwaa pasipo na jiwe, halafu maneno yanakuwa hayana mpango. Hapo safari imekwisha. Kaa kivulini, legeza nguo, lowesha kitambaa uweke shingoni na kwapani, kunywa kidogo kidogo. Mtu akipoteza fahamu au akianza kuzungumza ovyo, simamisha gari yoyote impeleke spitali, usingoje apate nafuu.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya jua na kwa ajili ya watu

Hii njia inapita mbele ya skuli, misikiti na mabaraza ya wazee. Wanaume, kaptura ipite magoti na fulana isivuliwe hata jasho likikuzidi. Wanawake wenzangu, mimi hukimbia na suruali pana nyepesi, kanzu fupi ya mikono mirefu na hijabu ya kubana kichwani isiyopeperuka. Mwanzoni nilidhani nguo hizi zitanipika. Kumbe zinazuia jua lisiguse ngozi, na nikifika kivulini upepo unapita ndani yake. Tena nikikaa na mtu barazani nakaa kwa raha, sina cha kujifunika haraka haraka.

Raba ziwe zilizokwisha kuzoea miguu yako. Soksi za pamba nzito hunywa jasho na kukuachia malengelenge kisiginoni. Tafuta nyepesi zinazokauka. Paka mafuta ya mgando baina ya vidole, kwapani na mapajani kabla ya kutoka, kwa sababu pakishachubuka hakuna dawa ya njiani. Tia pia kofia, simu iliyojaa chaji na noti ndogo ndogo: hapa na pale utalipa kiingilio cha magofu, na asubuhi mtu huwa hana chenji. Ukilipa, omba risiti.

Hatua ya 4: Malindi hadi Bububu

Toka baada ya sala ya alfajiri. Jua huchomoza karibu na saa 12 na robo, linasogea kidogo mwezi hadi mwezi, na unataka likukute umeshavuka Gulioni. Barabara hii ina magari mengi na ukingo wake ni mwembamba. Tembea upande wa kulia, magari ya upande wako yakujie usoni uyaone. Usitie vitu vya kusikilizia masikioni, hata kimoja.

Mapema tu utaiona nyumba ya Livingstone, ya enzi za Sayyid Majid, mwana mwengine wa Sayyid Said. Humo David Livingstone alikaa mwaka 1866 akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara. Itazame ukipita, usisimame. Bado mwili haujapata moto.

Baada ya hapo unatembea karibu na ilikopita reli. Ndiyo, reli. Mwaka 1904 na 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, kama maili 7, na gari moshi likapita katikati ya vichochoro vya mjini karibu ya kugusa milango. Iliishi miaka ishirini na kitu. Leo barabara imeimeza. Wapo wanaosema Bububu ni sauti ya gari moshi lile, na wapo wanaosema ni sauti ya maji yanayobubujika kwenye chemchem. Mimi, kwa kuwa nimeshika habari ya maji, naipenda ya pili.

Maruhubi ni kituo cha kwanza, kushoto, upande wa bahari. Barghash alilijenga jumba hili mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likaungua 1899. Zilizobaki ni nguzo nene zilizobeba baraza la juu, zimesimama kwa safu, hazibebi chochote ila anga. Wengi hupiga picha nguzo wakaondoka. Wewe nenda kwenye hamamu, uone vyumba vilivyogawanywa, kisha mabirika. Simama hapo dakika mbili ufikirie kazi ya kuyajaza mabirika yale kila siku, na mikono ya nani ilifanya kazi hiyo.

Mtoni iko mbele kidogo. Ni kongwe kuliko Maruhubi kwa nusu karne. Sayyid Said alilianza jumba hili mwishoni mwa miaka ya 1820, wakati alipokuwa akihamishia dola yake kutoka Maskati. Hapa ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, yule binti yake aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaenda kuishi Ujerumani. Lina kuta zilizochakaa na utulivu ambao Maruhubi haina. Ikiwa una muda wa gofu moja tu katika kipande hiki, kaa Mtoni.

Kibweni weka kamera mfukoni. Kuna jumba la serikali na kuna kambi, na askari ana haki ya kukusimamisha. Akikusimamisha, salimia, sema unakotoka na unakokwenda, na hilo linatosha. Beit el Ras, inayofuata, Sayyid Said alianza kujenga jumba jingine ambalo halikumalizika, na mawe yake mengi yalikuja kuchukuliwa kwa ajili ya ile reli. Kwa hiyo jumba likawa reli, na reli ikawa barabara unayoikanyaga.

Bububu utafika baada ya kama kilomita 10. Usipite bila ya kukaa. Kunywa chai, kula mahamri kwa mbaazi au mkate wa kumimina, jaza chupa, funga upya kamba za raba. Ukihisi goti au nyonga inalalamika, hapa ndipo pa kuamua: daladala namba 502 inarudi mjini, na hakuna aibu kuipanda.

Hatua ya 5: Panda Kidichi, halafu Kizimbani

Bububu unaiacha barabara kuu na kushika mkono wa kulia kuelekea ndani. Ghafla ni nchi nyingine. Kelele zinakatika, njia inapanda, minazi inakuzunguka, na baina yake kuna mifenesi, mishokishoki, mdalasini uliokatwakatwa magamba, pilipili manga inayopanda juu ya mti wa mwenziwe. Kidichi ni kama kilomita 4 kutoka Bububu na karibu yote ni kupanda. Usikimbie mwinuko huu mara ya kwanza. Tembea, pumua kwa pua, acha pumzi ikuongoze mwendo.

Mikarafuu utaiona, lakini si kwa wingi unaoutarajia mtu aliyesikia sifa za Unguja ya zamani. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya kisiwa hiki, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu imekuwa na kwao Pemba. Ukipita msimu wa kuvuna, utakuta karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kando ya njia. Usikanyage jamvi, usichote hata moja ya kunusa bila ya kuomba. Zile ni pesa za mtu zinakauka.

Na hapa niseme jambo la ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yaligawiwa wananchi eka tatu tatu. Kwa hiyo kijia kizuri unachokiona kinaingia kwenye minazi ni shamba la mtu na mbele yake kuna nyumba ya mtu. Kukipita kunaruhusiwa ukisalimu. "Hodi" ya sauti, ungoje, ujibiwe. Mkubwa mpe shikamoo, rika lako liulize hali, na ukiona watu wako kazini waambie "poleni na kazi". Nimepita vijia hivi peke yangu, mwanamke, miaka mingi, na salamu ndiyo iliyonilinda. Mkiwa kundi la watu zaidi ya watano au sita, mmoja aende siku ya kabla akamuarifu sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Masheha wanapenda kujua ni nani yuko katika shehia yao, na siku mtu akivunjika mguu, sheha ndiye atakayejua gari iko kwa nani.

Hamamu ya Kidichi ni ya mwaka 1850. Sayyid Said aliijengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi, waliyekuwa wakija naye huku kuwinda na kupumzika. Kwa nje ni makuba meupe yaliyochakaa, mtu anaweza kuyapita. Ingia ndani, ngoja macho yazoee kiza, kisha inua uso. Kutani kuna nakshi za chokaa: ndege, maua, mitende. Wanachuoni wengi wa mwambao huepuka sura za viumbe katika nakshi, kwa hiyo ndege wale wanaonyesha wazi kwamba fundi alifuata mtindo wa Uajemi. Kuna mmoja, karibu na mwanga unapoingilia, ambaye ukungu umemla mkia na kumwachia kichwa na kifua. Mimi kila nikienda humtazama yeye kwanza. Usiguse ukuta: jasho la kiganja linatosha kuibandua chokaa ya miaka mia na sabini na kitu.

Kutoka hapo hadi Kizimbani ni kama kilomita 3, na ndicho kipande kilichonitia adabu.

Ilikuwa Februari. Nilikuwa nimechelewa kutoka, Bububu sikukaa, nikajiambia chupa iliyobaki nusu itanifikisha. Baada ya Kidichi nikashika njia isiyo yake, nikazunguka, na nilipoigeuza chupa ikatoa tone moja. Saa ilikuwa inakwenda 5. Masikio yalikuwa yanavuma. Nikaona nyumba ya udongo yenye paa la bati na kibaraza.

"Hodi."

"Karibu. Nani wewe?"

"Mpita njia, bibi. Shikamoo. Naomba maji."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Maji hayanywewi na mtu anahema amesimama."

Nikakaa. Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango, juu ya mchanga, umefunikwa kwa kawa. Akachota kwa kata, kifuu cha nazi chenye mpini wa mti uliolainika kwa kushikwa, akanipa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa baridi na yana harufu ya ubani. Mtungi ulikuwa umefukizwa. Nilipomaliza hakunipa tena papo hapo. Alikiacha kifuu mapajani mwake, akaniuliza nimetoka wapi.

"Malindi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, bibi."

Akanitazama raba, akanitazama uso, akachota mara ya pili. "Basi utarudi na gari," akasema, na nilirudi na gari.

Tangu siku ile sheria yangu ni hii: sitoki Bububu na chupa isiyojaa, na nikipotea natafuta nyumba kabla ya kutafuta njia. Ramani ya kwenye simu ipakue kabla ya kuondoka nyumbani ili ifanye kazi bila ya intaneti, lakini vijia vya eka tatu vingi havimo. Mtu wa kuuliza ni bora, na uulize hivi: "Njia ya kwenda Kizimbani ni ipi?" Usiulize, "Hii ni njia ya Kizimbani?" Kwa ungwana wao watu watakujibu ndiyo.

Kizimbani yenyewe ni mahali pa historia nzito kwa kisiwa hiki. Shamba hili lilikuwa la Saleh bin Haramil, anayetajwa kuwa ndiye wa kwanza kupanda mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Sayyid Said hajalichukua. Hamamu yake haina nakshi, ni kuta tupu, na kwa sababu hiyo inaonyesha vizuri zaidi hamamu inavyojengwa. Hapa kituo cha utafiti wa kilimo kina mashamba yake, kwa hiyo fuata njia, usikate katikati ya vitalu.

Maliza hapa siku ya kwanza. Kula chungwa, nyoosha misuli ya mapaja na mashavu ya miguu ungali na joto, upande gari ya kurudi mjini.

Hatua ya 6: Kwa wanaokimbia

Kipande cha Malindi hadi Bububu si cha kukimbilia. Magari ni mengi na moshi ni mwingi. Anayetaka kukimbia apande daladala hadi Bububu, akimbie Bububu, Kidichi, Kizimbani na kurudi kwa njia ile ile: kama kilomita 14, kupanda wakati wa kwenda na kuteremka wakati wa kurudi, mpango unaomfaa mtu aliyechoka. Kwenye mteremko fupisha hatua. Magoti huumia kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda, na kokoto juu ya kinongo kikavu zinateleza kama mtama.

Usiyafanye haya kama hujazoea kukimbia kilomita 8 tambarare bila ya kusimama. Ongeza kilomita moja au moja na nusu kila wiki, jipe wiki nyepesi kila baada ya tatu, na ndani ya miezi miwili mlima wa Kidichi utakuwa wako.

Hatua ya 7: Bububu hadi Mangapwani

Siku ya pili anza na daladala ya Bububu na ushike barabara ya kaskazini kupitia Chuini, halafu ile inayokwenda upande wa Bumbwini. Hapa sina mengi ya kusema kuhusu njia: ni tambarare, lami, mashamba ya muhogo na migomba, watoto wa skuli wanaokusindikiza mita mia wakicheka. Kuwa na tahadhari na malori. Usiache kuuliza penye njia panda.

Ukikaribia Mangapwani utaona ardhi imebadilika. Kinongo kimekwisha, mawe ya matumbawe yanachungulia juu, miti imekuwa mifupi. Maji ya mvua hapa hayakai juu. Yanazama kwenye mwamba na kukusanyika chini. Ndiyo sababu pango la Mangapwani lina maji matamu ingawa bahari haiko mbali. Husimuliwa kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyetumbukia. Shuka polepole, ngazi zina unyevu, na tumia tochi ya kweli, si ya simu. Ukikuta vitambaa au kifukizo kimeachwa ndani, usikiguse. Pango bado lina wenyewe.

Baada ya pango, njia ya kama kilomita moja au mbili inakupeleka kwenye chumba cha watumwa, juu ya mwamba wa pwani. Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, na chumba hiki kilijengwa baada ya hapo ili watu wafichwe hadi majahazi yafike usiku. Kimechimbwa chini, kimeezekwa kwa mawe mazito, kina giza. Mimi huvua kofia, huweka chupa chini nje, na hushuka bila ya maji mkononi. Sikuambiwa na mtu. Niliona siwezi kunywa mle ndani.

Ukishapanda juu, kunywa sasa, mpaka ushibe. Ukae kivulini, uvue raba, uangalie nyayo kama kuna lengelenge. Lililojaa maji usilipasue. Lifunike kwa plasta safi. Bahari iko chini yako na unaweza kuoga miguu, lakini maji ya chumvi kwenye ngozi iliyochubuka yatakuliza.

Gari za kurudi mjini hupita kwenye barabara ya Bumbwini, kwa hiyo bakisha nguvu za kutembea kutoka pwani hadi barabarani. Zinapungua jioni inapoingia. Mimi hujihesabia kuwa barabarani ifikapo saa 9 alasiri. Ukikaa kungoja karibu na duka, nunua maji chupa mbili: moja yako, na moja ya yule utakayekaa naye kiti kimoja, maana mara nyingi huwa ni mzee anayerudi kutoka shamba.